Jeneza Linalokua

Fundi Mwisho hakuwahi kuuza jeneza ambalo yeye mwenyewe hajalilalia.

Hiyo ilikuwa sheria ya karakana, naye aliisimamia kwa uso mkavu kama wa hakimu. Jeneza likishapigwa msasa na kutiwa bawaba, kabla halijapakwa vanishi, fundi huvua viatu, hujipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, huingia ndani, hulala chali, hukunja mikono kifuani na kufumba macho. Kisha hujitikisa. Mbao zikilia, anatoka na kukaza skrubu. Mbao zikinyamaza, anatoka na kutamka, "Hili limekubali." Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba jeneza linalolia mabegani mwa wabebaji ni aibu isiyo na dawa, kwa kuwa mteja mhusika hawezi tena kuombwa radhi.

Jina la Mwisho alipewa na mwenzake wa karakana, mpakaji rangi ambaye watu walimwita Vanishi kwa sababu harufu yake ilitangulia kufika kila alikokwenda. Mwisho aliunda, Vanishi alipaka. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, wakitaniana asubuhi hadi jioni.

"Mafundi wenzako wanajenga nyumba za watu kuhamia," Vanishi alipenda kusema. "Wewe unajenga za watu kutohama."

"Na wapangaji wangu hawajawahi kulalamika," Mwisho angejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye randa.

Basi ndiyo ilikuwa hali ya mambo, ya amani na maranda, mpaka alipokuja yule mtu wa koti.

Alikuja asubuhi ya jua kali, mrefu, mwembamba, amefunga vifungo vyote vya koti hadi kooni kana kwamba baridi ilikuwa yake peke yake. Alisimama mlangoni, asiingie.

"Nataka jeneza," akasema.

"Pole sana, ndugu yangu," Mwisho akajibu kwa ile sauti ya chini aliyowawekea wafiwa. "Marehemu alikuwa na urefu gani?"

Yule mtu akamtazama Mwisho kuanzia utosini. Macho yakashuka polepole, yakapita kifuani, yakapita magotini, yakafika kwenye viatu, yakapumzika hapo kidogo.

"Kama wewe."

"Na mwili? Mnene, mwembamba?"

"Kama wewe."

"Amefariki lini?"

"Bado," akasema yule mtu. Akaacha malipo ya kianzio juu ya meza ya kazi, akageuka, akaondoka.

Vanishi akachungulia mlangoni. "Huyo," akasema, "hajaacha namba ya simu."

Mwisho hakutumia futi ya chuma kuchukua vipimo vya mtu. Alitumia kijiti. Kila oda ilikatiwa kijiti chake chembamba chenye upana wa mabega ya mhusika, kutoka ukingo wa mkono mmoja hadi wa mwingine, na kijiti hicho kilining'inizwa msumarini mpaka jeneza lichukuliwe. Kwa oda ya mtu wa koti, hakukuwa na mabega ya kupima ila ya Mwisho mwenyewe. Akasimama wima kama askari wa gwaride, Vanishi akamwekea kijiti mgongoni, akakata.

Jeneza lilipokamilika, Mwisho akavua viatu, akalala. Mabega yake yakagusa mbao huku na huku, barabara, kama mkono ndani ya glavu. Akajitikisa. Kimya.

"Limekubali," akasema.

"Limekubali mno," Vanishi akasema. "Toka humo, ndugu yangu, kabla halijakuzoea."

Mtu wa koti hakurudi. Majuma yakapita, miezi ikapita. Walilisogeza jeneza hadi ukuta wa nyuma, juu ya mbao mbili, wakalifunika kwa shuka kuukuu. Wateja wengine walipolichungulia, Mwisho alitikisa kichwa. Lilikuwa na mwenyewe. Kijiti kikabaki msumarini.

Sasa yafaa lielezwe tumbo la Fundi Mwisho, kwa heshima inayolistahili, maana lilikuwa tumbo lenye makuu.

Kabla ya mtu wa koti kufika, tumbo hilo lilikuwa limewasha moto. Moto ulianza chini ya kifua, ukapanda kooni, ukamwachia mdomoni uchungu kama wa kulamba betri. Mke wake, mwanamke aliyeongea kidogo na kuona mengi, alimpeleka kliniki akiwa amemshika mkono wa shati kama mwizi aliyekamatwa. Daktari, mwanamama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, alimminya tumbo, akamwuliza maswali, akamwandikia dawa ya vidonge vya ganda, ya kupunguza asidi tumboni.

"Sikiliza vizuri, fundi," daktari alisema. "Unameza asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Kisha unangoja kama nusu saa ndipo unywe chai. Unameza kizima. Hutafuni, hukifungui ukamwaga unga wake kwenye uji. Na zile dawa za maumivu ya mgongo unazojinunulia, acha. Hizo ndizo zinazokuchimba. Mgongo ukizidi, njoo tutafute dawa nyingine."

"Sawa, daktari."

"Na hizi zikiisha, urudi. Hata kama huumwi." Akainua miwani. "Hasa kama huumwi."

Mwisho akainamisha kichwa kwa utiifu mkubwa, utiifu wa mtu ambaye tayari amesahau.

Dawa ilifanya maajabu. Katika siku chache moto ulizimika, hata majivu hayakubaki. Vidonge vilipoisha alikuwa anakula pilipili huku akiimba. Na je, mtu mwenye akili timamu huacha kazi yake, akapanga foleni kutwa nzima, ili amwambie daktari kwamba haumwi? Mwisho alilitafakari jambo hilo kwa haki na usawa, akajitolea hukumu kwamba hapana.

Wiki iliyofuata moto ukarudi, tena umekuja na jamaa zake wote. Akachukua boksi tupu, akaenda duka la dawa.

"Cheti cha daktari kiko wapi, mzee?" dada wa dukani akauliza.

"Kipo nyumbani."

"Basi kilete. Au urudi kwa daktari akuone, maana dawa hii haitumiwi tu miaka nenda rudi bila mtu kukuangalia."

Mwisho akamshukuru, akatoka, akavuka barabara, akaingia duka jingine ambalo halikuwa na maswali.

Tangu siku hiyo akawa daktari wake mwenyewe, na mgonjwa wake mwenyewe, na wote wawili walielewana vizuri sana. Alimeza kidonge akishashiba. Alimeza akisikia dalili. Siku tumbo likileta ukaidi alimeza viwili. Na kwa kuwa sasa tumbo lilikuwa na mlinzi, alirudia zile dawa za mgongo bila hofu, akitupa mdomoni hiki na kile kwa pamoja kama mtu anayekula karanga. Alipojaribu kuacha vidonge vya asidi, moto uliwaka maradufu, akakata shauri kwamba hivyo ndivyo vitakuwa chumvi yake ya kila siku mpaka kifo. Hakuliona neno hilo la mwisho lilivyokaa vibaya.

Mchana mmoja umeme ulikatika. Mashine ya kupasulia mbao ilinyamaza, na karakana nzima ikawa kimya, ule ukimya wa mchana ambao ni mzito kuliko wa usiku kwa sababu mtu hakuutarajia. Vanishi alikuwa ametoka kwenda kula. Mwisho hakuwa na njaa; siku hizi alishiba kwa vijiko vichache tu. Akakumbuka kwamba hajakagua lile jeneza la nyuma, pengine mchwa wameingia.

Akavuta shuka. Mbao zilikuwa safi. Kwa mazoea tu, akavua viatu, akaingia, akalala chali.

Mabega hayakugusa.

Alidhani amelala upande. Akajisogeza kushoto, mbao za kulia zikawa mbali. Akajisogeza kulia, za kushoto zikakimbia. Akajiweka katikati kabisa na kupitisha kiganja kati ya bega na ubao. Kiganja kikapita bila kubanwa.

Ndipo aliposikia. Du. Du. Du. Sauti nzito, ya haraka, ikitokea ndani ya mbao chini ya kichwa chake, kama mtu anayebisha hodi kutoka upande ambao hakuna mlango.

Namna alivyotoka ndani ya jeneza lile haikufaa kabisa kwa mtu wa umri na heshima yake. Vanishi aliporudi alimkuta ameketi nje juu ya gogo, soksi moja mguuni, jasho limemtoka kama mvua.

"Linakua," Mwisho akasema.

"Nini?"

"Jeneza. Lile. Linakua."

Vanishi akachungulia ndani, akamwangalia mwenzake, akachungulia tena. "Fundi, mbao ni mti uliokatwa. Zinaweza kupinda, zinaweza kupasuka. Kukua?"

"Nimelala ndani nikapotea!"

"Basi tulipe chakula kidogo tuone kama linapenda," Vanishi akasema. Lakini jioni hiyo alifunga karakana mapema, na aliporudisha lile shuka alilitupia kwa mbali.

Mwisho alijikaza. Alijiambia ni joto, ni uchovu, ni macho. Siku kadhaa baadaye, Vanishi akiwa nje anakoroga rangi, alirudi tena, maana hofu nayo ina udadisi wake. Safari hii hata viwiko vilicheza. Na ile sauti ya hodi ilikuwa hapo hapo, du-du-du, tena imekuwa ya haraka zaidi, kama mbishaji ameanza kuchoka kusubiri.

Nyumbani hakusema kitu. Ila nyumbani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Nguo nazo zilikuwa zinakua.

"Hili shati ni lako au umeazima?" mke wake alimwuliza asubuhi moja, akimtazama jinsi kola ilivyomwachia shingo.

"Sabuni unayofulia inatanua nguo."

"Sabuni inatanua nguo zako tu? Zangu zinaiogopa?"

"Mama watoto, usianze."

"Sijaanza. Mshipi umeutoboa tundu jingine kwa msumari. Nimeuona."

"Kazi ni nyingi. Mtu akifanya kazi anapungua."

"Na rangi ya uso nayo inakwenda kazini?" Akamwekea chai mbele. "Baba, unaumwa."

"Siumwi!" akasema Mwisho, na hapo hakudanganya hata chembe. "Niulize wapi panauma. Hapaumi popote. Sijawahi kuona mtu akilazimishwa kuumwa."

Mke wake alimtazama tu, kwa muda mrefu kidogo, kama mtu anayejaribu kumkariri mwenzake asije akamsahau. Mwisho akainamia chai yake. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia yeye wala kiumbe yeyote: alichokuwa anakiona chooni, cheusi ti na chenye kunata kama lami ya barabara. Alikuwa amejizoeza kutotazama. Alivuta maji huku ameangalia dari.

Siku aliyoanguka haikuwa ya kishindo. Alikuwa anapanda ngazi fupi kufikia mbao za juu, dunia ikazunguka kidogo, akajikuta amekaa sakafuni katikati ya maranda, amekumbatia randa kama mtoto. Vanishi akamnyanyua kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Vanishi, ambaye zamani hakuweza kumsogeza Mwisho hata akitumia nyenzo.

Vanishi hakutania. Hilo ndilo lililomtisha Mwisho kuliko yote.

"Ndugu yangu," akasema, "leo tunalipima hilo jini lako."

"Tusiliguse."

"Tunalipima."

Akaenda msumarini, akakishusha kile kijiti, akakipuliza vumbi. Wakalifunua jeneza pamoja. Vanishi akakiweka kijiti ndani, pale penye mabega, akakishusha taratibu. Kijiti kilikaa. Ncha moja iligusa ubao huu, ncha ya pili iligusa ubao ule, bila nafasi ya kupitisha hata ukucha, vile vile kama siku kilipokatwa.

Wakakitazama. Nje mtu alipita akipiga mluzi, mluzi ukaishia kona.

"Basi halikui," Mwisho akasema, na nusu ya moyo wake ilifurahi. Nusu nyingine ilikuwa fundi, na fundi alikuwa ameshaelewa.

Vanishi akakitoa kijiti. "Geuka," akasema.

Mwisho akageuka, akasimama wima, kama askari wa gwaride. Akakihisi kijiti kikilazwa mgongoni kwake, kikivuka kutoka upande hadi upande. Akakunja mkono wa kushoto kwenda kukipapasa. Ncha ilikuwa nje, hewani, imempita. Akapapasa kulia. Na huko pia.

"Lakini siumwi kitu," akasema kwa sauti ndogo, mgongo wake ukiwa bado umegeuka.

"Najua," Vanishi akasema. "Vaa viatu. Tunampitia shemeji, kisha twende kliniki."

Daktari yule yule, miwani ile ile. Alimvuta Mwisho kope la chini, akalitazama lilivyopauka. Akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza.

"Unatumia dawa gani?"

"Ile ile uliyonipa, daktari. Kwa uaminifu."

"Asubuhi kabla ya kula?"

"Asubuhi pia," Mwisho akasema. "Na nyakati nyinginezo."

"Nani amekuwa anakuandikia?"

Mwisho akatazama viatu vyake. Mke wake, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, akatazama viatu hivyo hivyo.

"Na zile za mgongo?"

"Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Nilidhani kwa kuwa tumbo lina mlinzi..."

"Choo chako kina rangi gani, fundi?"

Mwisho alitamani umeme ukatike. "Cheusi," hatimaye akasema, na mke wake akafumba macho.

Daktari hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. "Hiyo ni damu," akasema. "Damu ikivuja tumboni na kukaa, inatoka nyeusi. Mtu akiiona hiyo, hangoji kesho. Unapungua mwili, unashiba haraka, unavuja damu. Yote hayo yalikuwa yanakwambia uje. Dawa ilituliza maumivu tu. Haikukwambia kilichopo ndani, wala mimi haikuniambia."

Mwisho akamwaza Vanishi na kopo lake. Aliwahi kuona fundi mmoja, jina lake tulihifadhi, akipaka vanishi ya kung'aa juu ya ubao ulioliwa na mchwa. Ulipendeza kuliko wote, mpaka watu walipounyanyua.

"Kwa hiyo dawa ile ni mbaya?" mke wake akauliza.

"Hapana, mama. Ni dawa nzuri sana, na huenda ndiyo itakayomponya. Ila inatakiwa kutumiwa kwa sababu inayojulikana, kwa muda uliopangwa, na mtu akiangaliwa. Kuna wanaotumia muda mrefu kweli, lakini daktari anajua kwa nini, na anawapima. Na anayetaka kuacha baada ya kuizoea anaelekezwa namna ya kupunguza. Akiacha ghafla, asidi inarudi kwa fujo, anadhani hawezi kuishi bila hiyo."

"Daktari," Mwisho akasema, "kuna sauti. Nikilala mahali... nikilala kwenye mbao, kuna mtu anabisha."

"Inabisha vipi?"

Mwisho akagonga meza kwa kidole. Du-du-du-du.

Daktari akamshika tena mkono, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, akamtazama usoni. Kwa mkono wa pili akagonga meza yeye, akifuatisha anachokihisi. Ilikuwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule.

"Huo ni moyo wako," akasema. "Damu imekuwa chache, unakimbia kuitosheleza. Mbao zinakurudishia tu."

Alilazwa siku hiyo hiyo, akaongezewa damu. Kisha akapelekwa kwenye chumba cha kipimo, akalazwa ubavu juu ya kitanda chembamba, ili apitishiwe kooni mpira wenye kamera. Kabla hawajaanza, kwa mazoea, akajitikisa. Kitanda kikalia.

"Hiki hakijakubali," akamnong'oneza muuguzi, ambaye alidhani dawa ya usingizi imeanza kufanya kazi.

Kulikuwa na kidonda kikubwa, kinavuja. Walikiziba. Wakamega kipande kidogo pembeni yake, wakakipeleka kupimwa kama kina kitu kibaya zaidi, kile ambacho daktari alikitaja mara moja tu na kwa sauti ya kawaida. Majibu yangechukua muda.

Hicho kipindi cha kungoja ndicho kilichomlea Mwisho upya, kwa viboko visivyoonekana. Aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kila asubuhi alikaa mezani na kidonge kimoja na glasi ya maji, akameza, kisha akaitazama chai ikipoa mbele yake bila kuigusa, na mke wake akikaa upande wa pili, naye haigusi yake. Dawa za mgongo mke wake alizikusanya zote, hadi ile iliyofichwa ndani ya kiatu cha sherehe. Barabarani, kila mwenye koti alimshtua. Mara moja alimwona mmoja ng'ambo, mrefu, vifungo hadi kooni, ametazama upande wake. Lori likapita katikati, na lilipokwisha kupita hapakuwa na mtu.

Karakana hakuingia. Alipita mlangoni tu, na kutoka mlangoni aliweza kuona shuka lile nyuma, na umbo chini ya shuka. Umbo lake mwenyewe, la siku za neema.

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma kwanza kimya, na Mwisho akazeeka pale pale kwenye kiti.

"Si saratani," daktari akasema.

Mke wa Mwisho, ambaye hakuwa amelia hata mara moja, akaufungua mkoba, akaingiza uso mzima ndani.

Kulikuwa na vijidudu tumboni, daktari akaeleza, na dawa za mgongo zilivisaidia kuchimba kidonda. Angempa dawa za kuviua pamoja na ile ya asidi, zote kwa mpangilio, na asiruke wala asiache katikati akijisikia vizuri. "Kisha," akainua miwani, "ukimaliza?"

"Narudi," Mwisho akasema. "Hasa kama siumwi."

Akarudi kweli. Alirudi kuhakikisha vijidudu vimekwisha. Alirudi kukaguliwa kidonda. Alirudi siku moja ambayo hakuitwa, mpaka daktari akamfukuza kwa upole. Mwili nao ukarudi, polepole, kwanza shingo ikaijaza kola, kisha mshipi ukaanza kurudi tundu baada ya tundu.

Mchana alioingia tena karakana umeme ulikuwepo, mashine inanguruma, Vanishi anaimba vibaya. Mwisho akaenda moja kwa moja ukuta wa nyuma. Akavuta shuka, akavua viatu, akalala.

Bega la kushoto likagusa. La kulia likagusa. Akasikiliza. Chini ya kichwa, mbali, polepole, kama mtu anayetembea bila haraka: du... du... du...

"Vanishi!" akaita kwa furaha. "Limenibana!"

Wimbo ulikuwa umekatika, na mashine ilikuwa imezimwa. Mwisho akainua kichwa kutoka ndani ya jeneza.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa koti.

Walitazamana. Ni vigumu kwa mtu kuonyesha heshima ya kibiashara akiwa ndani ya bidhaa, lakini Mwisho alijitahidi.

"Karibu," akasema.

"Nimekuja kulichukua," akasema yule mtu.

Mwisho akatoka, mguu mmoja, kisha wa pili. Akasimama sakafuni na soksi zake. "Ni la nani?"

"La kaka yangu." Sauti ilikuwa kavu. "Ile siku alikuwa anatapika damu, tukaambiwa tujiandae. Jioni yake akapata nafuu. Wakampa dawa za tumbo, akatulia kabisa. Akala, akacheka, akarudi kazini. Mimi nikaona aibu. Ningekuja kukwambia nini? Kwamba marehemu amepona?"

"Akarudi kwa daktari?" Mwisho akauliza.

"Arudi kufanya nini? Alikuwa hana maumivu. Dawa alikuwa anajinunulia." Yule mtu akashika kifungo cha juu cha koti, akakizungusha. "Jana asubuhi ndio amefariki."

Vanishi aliweka brashi chini. Yeye na Mwisho wakasema pole kwa pamoja.

Mwisho akakishusha kijiti kutoka msumarini. Akakishika mikononi, akapapasa ncha zake.

"Uliniambia ana mwili kama wangu."

Mtu wa koti akamtazama Mwisho kuanzia utosini, polepole, kama siku ile ya kwanza, macho yakafika mabegani, yakakaa hapo.

"Alikuwa nao," akasema.

Mwisho akaitikia kwa kichwa. Alikwenda kabatini, akatoa pamba na kitambaa cheupe, akapiga magoti kando ya jeneza. Akaanza kuijaza pamba pembeni, huku na huku, pale penye mabega, akiishindilia kwa vidole, akipima kwa kiganja kilekile kilichowahi kupita hapo bila kubanwa. Hakuhitaji kuuliza ajaze kiasi gani. Alijua.

Walipolibeba, watu wanne, Mwisho akiwa mmoja wao, alitega sikio njia nzima kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Mbao hazikulia.